Simeon Nsibambi: Mkaguzi wa afya aliyewasha upya moto wa Namirembe

Ukifika Busia, Malaba, Mutukula au Katuna, neno mlokole halihitaji mkalimani. Mfanyabiashara akiambiwa kuwa mwenye duka ng'ambo ya mpaka ni mlokole, anajua ameambiwa nini: mtu asiyekunywa pombe, anayesema hadharani kuwa ameokoka, na anayetarajiwa kurudisha chenji hata kama mteja hakuihesabu. Wapo wanaolitumia neno hilo kwa heshima, na wapo wanaolitumia kwa kejeli. Lakini wachache wanajua kwamba ni neno la Kiganda lenye maana ya aliyeokolewa, na kwamba safari yake kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki ina uhusiano mkubwa na mtu mmoja aliyeishi Kampala, katika kilima cha Namirembe. Mtu huyo ni Simeon Nsibambi.

Nsibambi hakuwa askofu wala kasisi. Hakuanzisha kanisa, na hakuna dhehebu lenye jina lake. Alikuwa mlei aliyekuwa na kazi nzuri serikalini, akaiacha kwa sababu aliona kanisa lililolea ukoo wake limepoa.

Kanisa lililozoea

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897, miaka 20 baada ya wamisionari wa kwanza wa Kianglikana kufika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877. Katika miaka hiyo 20 mambo mengi yalikuwa yametokea Buganda. Vijana wa ikulu, Waanglikana na Wakatoliki, waliuawa kwa sababu ya imani yao chini ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1893, mmisionari George Pilkington, aliyekuwa amekata tamaa na kazi yake mwenyewe, alirudi kutoka kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria akiwa na nguvu mpya, na mahubiri yake yakaleta wimbi la watu kanisani. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kiganda. Waganda wenyewe walibeba vitabu mabegani wakaenda kufundisha Toro, Bunyoro, Ankole na hata Boga, upande wa Kongo.

Hicho ndicho kizazi cha kwanza. Kilichofuata kilikuwa tofauti. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu ardhi ya mailo na vyeo, na machifu wengi wakubwa walikuwa Waprotestanti. Ubatizo, ambao mwaka 1886 ungeweza kumgharimu mtu maisha yake, sasa ulikuwa mlango wa shule, na shule ilikuwa mlango wa kazi. Kanisa kuu la Namirembe likawa mahali pa wakubwa kuonekana. Jumapili watu walijaa, lakini Jumatatu wengi waliendelea na wake wengi, pombe, rushwa na waganga kama vile hakuna lililosemwa juzi.

Nsibambi alikulia ndani ya hali hiyo. Baba yake, Sezi Walusimbi Kimanje, alikuwa chifu. Yeye alisoma Mengo, kisha King's College Budo, shule iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wakubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, alijiunga na kikosi cha Waafrika wahudumu wa tiba na kupanda hadi cheo cha sajini. Baada ya vita aliajiriwa katika idara ya afya mjini Kampala kama mkaguzi. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye mshahara wa uhakika na nafasi ya kupanda.

Alitamani pia kwenda kusoma ng'ambo, lakini nafasi hiyo hakuipata. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba uchungu wa kukosa ufadhili huo ndio uliomfanya ajiulize, mwaka 1922, anatafuta nini hasa. Katika kujiuliza huko aliamua kwamba uzima wa milele ni mkubwa kuliko cheti cha ng'ambo. Tangu hapo alianza kusoma Biblia kwa bidii na kuwashuhudia wenzake, huku akiendelea na kazi. Mwaka 1925 alimwoa Eva Bakaluba. Kwa mtazamo wa Kampala ya siku hizo, alikuwa Mkristo mzuri kupita wengi. Yeye mwenyewe hakuridhika.

Siku mbili za Septemba

Mwaka 1929 Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyesoma Cambridge na kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, karibu na Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Church alikuwa amechoka kabisa. Rwanda ilikuwa imetoka kupitia njaa kali ya 1928 na 1929, wagonjwa na wenye njaa walikuwa wamejaa hospitalini, na daktari huyo aliona kwamba huduma yake haina nguvu yoyote ya kiroho. Mwezi Septemba alikuja Kampala kupumzika.

Walikutana Namirembe. Mganda mwenye kazi ya serikali na Mzungu mwenye shahada ya udaktari waliambiana kitu ambacho watu wa nafasi zao hawakuwa na desturi ya kuambiana: kwamba wote wawili wamepungukiwa. Kwa siku mbili walikaa na Biblia, wakifuatilia kila mahali panapomtaja Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Katika Uganda ya mwaka 1929, Mwafrika na Mzungu kupiga magoti pamoja kama wahitaji wawili walio sawa lilikuwa jambo la ajabu, na huenda hapo ndipo palipokuwa na siri ya yote yaliyofuata.

Church alirudi Gahini. Nsibambi naye hakukawia kufanya uamuzi: aliacha kazi ya serikali. Aliacha kuvaa viatu, akatembea peku na kanzu ya kawaida, katika mji ambao viatu vilikuwa alama ya msomi. Alianza kusimama nje ya kanisa kuu la Namirembe watu wakitoka ibadani, na kuzungukia wagonjwa na wafanyakazi hospitalini Mengo, akimuuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka. Church aliporudi Kampala baadaye, alilaumiwa na mmisionari mwenzake kwamba amemtia wazimu Nsibambi.

Swali hilo liliwaudhi hasa waliobatizwa tangu utotoni. Kumuuliza mpagani kama ameokoka ilikuwa kazi ya misheni. Kumuuliza mzee wa kanisa mwenye cheti cha ubatizo, ubarikio na ndoa ilikuwa dharau. Lakini Nsibambi aliona kwamba hao ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu walidhani safari imekwisha.

Mwaka huohuo wa 1929, Mganda mwingine, Reuben Spartas, alijitenga na Waanglikana na kutangaza kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika. Miaka 15 kabla yake, wafuasi wa Malaki Musajjakawa walikuwa wamejitenga kwa maelfu na kuanzisha dini yao, wakikataa dawa za hospitali. Kwa hiyo njia ya kutoka ilikuwa wazi na imekwisha kukanyagwa. Nsibambi aliijua, na hakuifuata. Alibaki katika kanisa lilelile alilolihubiria toba.

Mtu mmoja kwa mmoja

Nsibambi hakujulikana kwa mikutano mikubwa. Njia yake ilikuwa kumvuta mtu pembeni na kuzungumza naye peke yake hadi afike kwenye jambo lenyewe. Kisa cha Yosiya Kinuka kinaonyesha hilo.

Kinuka alikuwa msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini, na alitaka kuacha kazi. Wafanyakazi walikuwa wakigombana, dawa na vifaa vikiibwa, na Wazungu na Waafrika hawaaminiani. Alipofika Kampala alimweleza Nsibambi mabaya yote ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha hakuzungumzia hospitali. Alimwambia kwamba chanzo cha ubaya huo kimo moyoni mwake yeye Kinuka, na wenzake wanafuata. Kinuka alikasirika, lakini maneno hayo hayakumwacha. Akiwa safarini kurudi Rwanda alijisalimisha, akafika Gahini mtu mwingine. Aliungama makosa yake mbele ya wale aliokuwa akiwalaumu, na miaka michache baadaye akawa mmoja wa viongozi wa uamsho nchini humo.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda pia Gahini kufundisha shule, na baadaye akawa shemasi. Kigozi alikuwa na moto kuliko kaka yake. Gahini ilianza kutikisika: watu walirudisha walichoiba, maadui walipatana, wengine walilia usiku kucha kwa sababu ya dhambi zao. Majirani waliwaita Abaka, yaani wanaowaka, neno ambalo hata msemaji wa Kiswahili analielewa bila kufundishwa. Mwaka 1935 timu ya Waafrika na wamisionari iliongoza mkutano mkubwa Kabale, na uamsho ukaingia Kigezi.

Januari 1936 Kigozi alikuja Kampala akiwa na hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini wanaoishi wazi katika dhambi wanaruhusiwa kushiriki meza ya Bwana, na lifanyike nini ili kanisa liamke. Neno lake lilikuwa moja, Zukuka, yaani amka. Hakulisema mbele ya sinodi. Alishikwa na homa ya papasi akafa tarehe 25 Januari, akiwa bado kijana. Hoja zake zilifikishwa hata hivyo, na kifo chake kikazipa uzito ambao pengine zisingeupata angekuwa hai. Askofu Cyril Stuart aliruhusu mahubiri ya uamsho katika kanisa lote, hasa mwaka 1937, kanisa lilipotimiza miaka 60.

Kulipa kilichoibwa

Wengi wameona mikutano inayojaza viwanja na kisha kusahaulika baada ya msimu mmoja. Kilichowafanya walokole wasipotee hivyo ni utaratibu waliouzoea mapema, na nyumba ya Nsibambi ilikuwa moja ya mahali ulipoanzia.

Kwanza, walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, majumbani au chini ya mti, mbali na mimbari. Pili, katika vikundi hivyo kila mtu alieleza alivyoishi tangu mkutano uliopita, pamoja na alipoanguka. Waliita kutembea nuruni. Mwenye cheo na mtumishi wake walisikilizana, mume aliungama mbele ya mkewe. Tatu, toba ilipaswa kuonekana mfukoni. Aliyeiba alirudisha, aliyedaiwa alilipa, aliyepunja alikwenda kwa aliyempunja. Nne, hawakungoja mshahara wa kanisa ili kuhubiri. Makarani, walimu, wakulima na wafanyabiashara walisafiri kwa nauli zao, wakalala kwa ndugu.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililouvusha uamsho mipaka. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulikuwa umeingia Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika, na haukuishia kwa Waanglikana, kwani Walutheri wa Bukoba waliupokea pia. Mlokole wa Kampala aliyefika Nairobi au Bukoba bila kumjua mtu aliweza kuuliza ndugu wako wapi, akapata pa kulala na chakula. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ulikuwa salamu yao, ukaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Miaka mingi kabla ya viongozi kutia saini mikataba ya jumuiya, walokole walikuwa na jumuiya yao isiyokuwa na ofisi wala pasi ya kusafiria.

Mtihani wa Mukono

Moto huo ulichoma pia. Walokole wengine waliwahukumu wazee wa kanisa hadharani, wakawaita makasisi wao vipofu, wakaimba na kulia usiku hadi majirani wakashindwa kulala. Ilionekana kwamba jambo lililoanza kwa watu wawili kukiri upungufu wao lingeweza kugeuka kuwa kiburi cha waliookoka dhidi ya wasiookoka.

Mgogoro ulifika kilele chake Oktoba 1941 katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, Mukono. Kati ya wanafunzi alikuwamo William Nagenda, aliyekuwa karani wa serikali Entebbe kabla ya kuokoka. Mkewe Nagenda na mkewe Nsibambi walikuwa ndugu. Wanafunzi walokole waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakikemea wizi na uzinzi waliosema umo chuoni. Mkuu wa chuo alipiga marufuku, wao wakaona kwamba kutii ni kumkana Mungu. Wanafunzi 26 walifukuzwa.

Hapo mlango wa kujitenga ulifunguka wazi. Waliofukuzwa walikuwa na wafuasi, wahubiri na hasira ya haki. Makanisa mapya yamezaliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini walokole hawakuondoka. Nagenda, aliyenyimwa kibali cha kuhubiri makanisani, aliendelea kuhubiri kama mlei, katika Afrika Mashariki na hata Ulaya, bila kuanzisha dhehebu. Askofu Stuart naye, ingawa alisimama na mkuu wa chuo, hakuwafukuza walokole kanisani. Ilichukua miaka mingi, lakini nyufa zilizibwa. Mwaka 1945 mkutano wa Kabale uliwakusanya maelfu kutoka nchi mbalimbali chini ya kauli kwamba Yesu anatosha, na mikutano ya Kabale ikawa desturi ya kila miaka 10.

Mzee wa nyumbani

Kuanzia miaka ya 1940, Nsibambi hakuonekana tena barabarani. Afya yake ilizorota, akawa anakaa nyumbani. Wengine, kama Nagenda, ndio waliobeba safari na mikutano. Angeweza kusahaulika. Badala yake, watu walimfuata. Makasisi, wanafunzi, wageni kutoka Kenya na Rwanda, wamisionari waliochoka, wote walipanda kwenda kumwona. Kazi aliyoianza nje ya kanisa kuu aliimaliza kitini: kuzungumza na mtu mmoja kwa wakati.

Alidumu vya kutosha kuona matunda. Mwaka 1966 Erica Sabiti, kasisi mlokole, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Uganda, Rwanda na Burundi. Josiah Kibira, aliyeguswa na uamsho Bukoba, akawa askofu, na mwaka 1977 rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, akawa mhubiri anayejulikana ulimwenguni. Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 huko Acholi, akawa askofu mkuu, na Februari 1977 akauawa na utawala wa Idi Amin. Katika Kenya, wakati wa Mau Mau, walokole wengi walikataa kiapo na wakakataa pia bunduki ya serikali, na wengine walikufa kwa msimamo huo.

Lakini aliona pia jambo gumu zaidi. Walokole wenyewe walizeeka. Watoto wao walijifunza maneno ya ushuhuda kama vile babu zao walivyojifunza katekisimu. Ushuhuda uliokuwa ukimtoa mtu jasho ukawa hotuba inayojulikana mwanzo na mwisho. Kanuni kuhusu nywele, mavazi na mapambo zikaanza kuchukua nafasi ya toba. Likatokea kundi lililojiita Abazukufu, yaani walioamka tena, lililoona kwamba walokole wengine wamelala, likashika masharti makali zaidi, na ushirika ukagawanyika. Ugonjwa alioutambua Nsibambi kwa Waanglikana wa miaka ya 1920 ulikuwa umewafikia watu wake mwenyewe.

Hilo halifuti kazi yake. Linaonyesha tu kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo: imani hairithiwi kama shamba la mailo. Kila kizazi hulazimika kurudi mahali alipoanzia yeye na Church, pale mtu anapokoma kutaja upungufu wa kanisa na kutaja wa kwake.

Simeon Nsibambi alifariki mwaka 1978, Uganda ikiwa bado chini ya Amin. Hakuiona siku ambayo mwanawe, Profesa Apolo Nsibambi, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 1999, wadhifa alioushika hadi 2011. Kanisa kuu la Namirembe bado limesimama juu ya kilima, likionekana kutoka sehemu nyingi za Kampala. Na katika miji ya mpakani bado wapo wanaokutana mara moja kwa wiki, nyumbani kwa mmoja wao au nyuma ya duka, kuelezana walivyoishi tangu walipoonana mara ya mwisho, na ni nani anayemdai nani.